Kabla ya Kulichukua Gari Gereji: Manifoldi Mpya ya Ekzosi

Mtumiaji aliyefungiwa manifoldi ya ekzosi isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari anashauriwa kukagua kazi kabla ya kulipa. Vifaa vilivyofunguliwa ili kupisha kazi, yaani mabati ya kukinga joto, nyaya za plagi, bomba la kijiti cha kupimia oili na sensa ya oksijeni, sharti virejeshwe vyote. Nyaya zisiguse manifoldi, kwani joto lake huziunguza. Gasketi ziwe mpya.

Sikiliza injini ikiwashwa ingali baridi: mlio wa kugongagonga karibu na manifoldi huweza kuashiria uvujaji. Usiupuuze. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Dai risiti inayoorodhesha vipuri na kazi iliyofanyika.