SOMO LA WAZAZI: MTIHANI WA MTOTO MDOGO UNAPIMA NINI?



Kila muhula wa shule ukiisha, swali lile lile hutufikia katika mikutano yetu, viwandani na mashambani. Mzazi anasema: "Mtoto wangu yuko mwaka wa 2. Amepimwa, nimeambiwa ameanguka. Je, hana akili?" Mwingine anasema amekwisha kumchapa. Wa tatu anafikiri kumtoa shuleni ili amsaidie mama yake kuchuma chai.

Ndiyo sababu ya somo hili. Mfanyakazi huisoma karatasi ya mshahara wake mstari kwa mstari, mpaka ajue kila franga iliyokatwa imekwenda wapi. Karatasi ya mtoto nayo tuisome vivyo hivyo.

1. VIPIMO NI VYA AINA TATU

Kwanza, kuna mitihani ya shule yenyewe. Hii huja kila muhula, na alama zake huandikwa katika buletini. Alama hizo zikijumlishwa, huamua kama mtoto atapanda au atarudia darasa.

Pili, kuna mtihani wa taifa wa kuchagua, tunaouita konkuru. Wengi wetu twaukumbuka. Ulifanywa mwisho wa mwaka wa 6. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na mtoto aliyekosa nafasi alirudia mwaka wa 6, tena na tena, au akashika jembe. Mwaka 2013 sheria ilianzisha shule ya msingi ya miaka 9, na konkuru ikasogezwa mpaka mwisho wa mwaka wa 9. Basi, mzazi anayemtisha mtoto wa mwaka wa 2 kwa konkuru anamtisha bure.

Tatu, kuna tathmini. Hii haimpandishi mtoto wala haimrudishi. Inapima kazi ya shule za nchi nzima. Hupimwa watoto wachache tu, katika shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Anayetaka kujua ubora wa gunia la chai huchukua konzi moja, hamwagi gunia zima.

2. TUANGALIE TATHMINI MOJA

Iko tathmini inayoitwa PASEC. Ni ya CONFEMEN, yaani umoja wa mawaziri wa elimu wa nchi zenye kutumia Kifaransa, wenye ofisi Dakar, Senegal. Mwaka 2014 ilipima nchi 10 za Afrika, Burundi ikiwa mojawapo. Mwaka 2019 ilipima nchi 14, na Burundi ilikuwamo tena.

Mtoto wa mwaka wa 2 hupimwa peke yake, kwa mdomo. Mpimaji humsomea maneno, naye aonyeshe kama ameelewa. Huonyeshwa herufi na maneno mafupi asome. Huambiwa ahesabu, ajumlishe, atoe.

Matokeo ya 2014 yalikuwaje? Watoto wetu wa mwaka wa 2 walishika nafasi ya mbele. Katika lugha, karibu 8 kati ya 10 walifikia kiwango kinachotakiwa. Katika hesabu, zaidi ya 9 kati ya 10. Hao ni watoto wa nchi maskini, wengi wao wa wakulima na wafanyakazi kama sisi. Nani basi atasema watoto wetu hawana akili?

3. JAMBO LA LUGHA

Burundi ilikuwa na tofauti moja kubwa. Watoto wake wa mwaka wa 2 walipimwa kwa Kirundi, lugha wanayofundishwa na ambayo wengi huongea nyumbani. Katika zile nchi nyingine, wengi walipimwa kwa Kifaransa.

Sasa tazama mwaka wa 6, ambapo watoto wetu nao walipimwa kwa Kifaransa. Katika hesabu bado walisimama vizuri. Lakini katika kusoma, waliofikia kiwango walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Lugha ya mtihani imebadilika, na alama nazo zimebadilika.

Jambo hili linatuhusu sana hapa Bujumbura. Katika nyumba nyingi za Buyenzi mtoto hukua na Kiswahili. Akiingia mwaka wa 1 hukutana na Kirundi cha vitabu, na baadaye Kifaransa. Akipata alama ndogo, tujiulize kwanza: je, ameshindwa hesabu, au ameshindwa kuelewa swali?

4. KUSOMA BULETINI

Usitazame jumla peke yake. Tazama kila somo, na tazama alama hiyo ni juu ya ngapi. Tuchukue mfano. Mtoto ana 12 juu ya 20 katika hesabu, na 30 juu ya 80 katika lugha. Anayetazama haraka ataona 30 ni kubwa kuliko 12. Lakini 12 imepita nusu, na 30 haikufika nusu, ambayo ni 40. Mtoto huyu anahitaji msaada katika lugha.

Burundi ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako watoto wengi hurudia darasa. Kurudia ni mwaka mwingine wa madaftari na sare, kutoka mshahara ule ule. Na kama chanzo hakikutafutwa, mtoto atarudia na tatizo lake.

5. KAZI YETU

Nyumbani: mpe mtoto ahesabu franga za sokoni, au kilo za chai ulizopima leo. Mwambie akusomee daftari lake kwa sauti, hata kama wewe hujui kusoma. Akikwama utasikia. Fimbo haifundishi herufi.

Shuleni: muulize mwalimu maswali matatu. Mtoto ameanguka katika somo gani? Hajui nini hasa? Nani atamsaidia kabla ya muhula ujao? Muulize kwa heshima. Tangu ada ya shule ya msingi iondolewe mwaka 2005, madarasa yalijaa sana, na mwalimu naye ni mfanyakazi mwenzetu.

Kazini: anayefanya zamu ya mchana hawezi kumwona mwalimu. Madelege waweke jambo hili katika madai yetu: mzazi apate ruhusa ya saa chache kila muhula kwenda shuleni, bila kukatwa mshahara. Buletini bila mzazi wa kuisoma ni karatasi tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtoto wako amepimwa kwa lugha gani? Nyumbani mnaongea lugha gani?
2. Mtihani wa shule na tathmini vinatofautianaje?
3. Katika kiwanda au shamba lenu, ni wazazi wangapi walimwona mwalimu mwaka huu? Kilichowazuia wengine ni nini?

Majibu ya swali la 3 yaandikwe, delege ayalete katika mkutano ujao.