Wembe Wako, Uso Wako

Ni Jumapili jioni bwenini. Kesho kuna ukaguzi, na mwalimu wa zamu hataki kuona ndevu. Mko wanne, wembe ni mmoja. "Ukimaliza nipasie, mshikaji!" Umewahi kusema hivyo? Basi somo hili ni lako.

Kwa nini usichangie wembe?

Wembe huchubua ngozi hata pale ambapo huoni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka. Virusi vya UKIMWI havidumu hivyo, lakini wembe wenye damu mbichi ya mtu mwingine si wa kuchezea. Na kuusuuza bombani hakutoshi kuua virusi. Jikinge hivi: kila mtu na wembe wake. Dada unayenyoa kwapa, nawe umo.

Hela je?

Usijali. Wembe mmoja haufiki hata bei ya soda. Tafuta na mashine ya kunyolea, ile unayoifungua kichwani na kuweka wembe wa makali mawili. Unainunua mara moja, ukiitunza inadumu miaka. Mashine hiyo huacha ncha ndogo tu ya makali iguse ngozi, kwa hiyo ni salama kuliko wembe mtupu mkononi. Povu? Sabuni yako ya kuogea inatosha. Ya kufulia iache, inakausha ngozi.

Hatua kwa hatua

1. Nyoa baada ya kuoga, au lowesha ndevu kwa maji ya vuguvugu kwa dakika 2 au 3. Zikilowa zinalainika.
2. Paka povu zito kwa vidole, au kwa brashi kama unayo.
3. Laza mashine kidogo, kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Usikandamize! Uzito wa mashine unatosha.
4. Vuta taratibu, vipande vifupi, kufuata nywele zinakolala. Shingoni huwa zinageuka, hivyo zipapase kwanza. Suuza wembe kila mara.
5. Osha uso kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa. Ukijikata, bonyeza kitambaa safi, au lowesha kipande chako cha shabu na ukipitishe.
6. Kausha wembe. Ukianza kukwaruza, weka mpya. Uliochakaa tia kwenye kopo lenye mfuniko. Usiuache chini, mtu ataukanyaga.

Na vile vipele?

Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini mno hujikunja, zikachoma ngozi na kuingia ndani. Ndiyo maana tunasema usinyoe kinyume cha nywele, wala usirudierudie sehemu moja. Vikitokea, usivitumbue. Acha kunyoa mpaka vipone. Vikitunga usaha, nenda zahanati.

Swali: Eti nikinyoa mara kwa mara ndevu zitajaa haraka?

Hapana, bwana! Wembe haufiki kwenye mzizi. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana unaonekana mnene. Kama rafiki zako wana ndevu na wewe bado, subiri. Kila mwili una wakati wake.

Swali: Juzi nilitumia wembe wa mwenzangu, nikajikata. Nifanyeje?

Osha kidonda kwa sabuni na maji, halafu nenda kituo cha afya mapema. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo usikae na siri ukingoje wiki ipite. Mweleze mhudumu ukweli; atakushauri pia kuhusu homa ya ini.

Jipime

Jumapili ijayo mwenzako atasema, "Nipasie." Utamjibu nini bila kumuudhi? Jaribuni jibu lenu wawili wawili darasani. Sisi letu ni hili: "Huu wangu, kaka. Twende dukani ukachukue wako."