Alama za Maandishi katika Tovuti ya Kuandika kwa Pamoja

Swali: Wanafunzi wa Shinyanga na Geita wanaandika kwa pamoja ukurasa kuhusu Mwadui katika Wikipedia ya Kiswahili. Kwa nini alama za wiki zinawafaa kuliko HTML?

Jibu: Ni chache na huandikwa upesi, hata kwa simu. Mtahini atataka mifano: '''Mwadui''' hukoza neno, ==Historia== hutoa kichwa, [[Mkoa wa Shinyanga]] hufungua ukurasa mwingine. (Hizo ni ritifaa tatu, si alama za kunukuu, wengi hukosea hapa.)

Hoja nzito zaidi ni kwamba kosa la mmoja haliharibu kazi ya wenzake. Ukisahau kufunga ritifaa, wiki huzikatisha mwishoni mwa mstari. Katika HTML ukiandika <b>Mwadui bila </b>, maandishi yanayofuata nayo hukozwa, hata aya ya mwenzako wa Geita kuhusu almasi aliyoigundua Williamson mwaka 1940.

Usichanganye wiki na Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004. Humo neno hukozwa hivi: **Mwadui**. Katika Wikipedia, nyota hizo zikiwa katikati ya sentensi hubaki nyota tu. Zikianza mstari, huanzisha orodha.