Jina "Ciza" katika Daftari la Mahudhurio

Utangulizi

Kazi ya kwanza ya mwalimu kila asubuhi ni kuita majina. Wengi huiona kuwa kazi ndogo. Lakini kwa mtoto aliyeanza Darasa la Kwanza, jina lake ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayoyasikia kinywani mwa mwalimu. Likitamkwa visivyo, wenzake hucheka, naye hujifunza kunyamaza. Hapa tutachunguza jina moja lisilo la kawaida sana, ambalo mwalimu mwanafunzi aweza kukutana nalo anapofanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Mwese na jirani zake, mkoani Katavi.

Asili ya jina

Mwese ni nyanda za juu katika nchi ya Wabende na Watongwe. Katika miaka ya 1960 walipokewa huko wakimbizi kutoka Rwanda. Na mwaka 1978 yalifunguliwa makazi ya Mishamo kwa wakimbizi kutoka Burundi. Wengi wao, pamoja na watoto wao, wamekwisha kuwa raia wa Tanzania. Wasukuma nao wamehamia mkoani pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo daftari moja la mahudhurio huweza kubeba majina ya lugha nyingi.

Kwa desturi ya Warundi, pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Ciza, maana yake "chema" au "kizuri". Majina haya hufuata zamu ya kuzaliwa wala hayafuati jinsia. Mvulana huitwa Ciza, na msichana vilevile. Wasukuma wana desturi iyo hiyo: Kulwa, Doto, kisha Shija. Nchini Uganda, anayewafuata mapacha huitwa Kizza kwa Waganda na Kiiza kwa Wanyoro. Kwa kuwa mapacha hawazaliwi katika kila nyumba, jina Ciza huwa la wachache.

Hata hivyo, mwalimu asikate shauri haraka. Mtoto aweza kurithi jina hili kwa babu au baba, bila kuwa na ndugu mapacha.

Matamshi na tahajia

Katika Kirundi herufi c hutamkwa kama ch yetu. Kwa hiyo Ciza husomwa "Chiza", na i ya kwanza huvutwa kidogo. Mkoani Kigoma jina hili huandikwa Chiza, na katika Kinyarwanda huandikwa Cyiza.

Mwalimu asiyejua haya husoma "Siza", au vibaya zaidi, "Kiza". Tazameni madhara yake: katika Kiswahili, kiza ni giza. Mzazi amempa mtoto jina la wema, na mwalimu amemgeuzia kuwa giza mbele ya darasa zima.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kuita majina kwa mara ya kwanza, pitieni daftari pamoja na mwalimu wa darasa, mkitia alama kwenye majina msiyoyafahamu.

2. Mwombeni mtoto alitamke jina lake mwenyewe, kisha mlirudie mpaka akubali kuwa ni sawa. Fanyeni hivyo faraghani, si mbele ya wenzake.

3. Jazeni safu ya jinsia kwa kumwuliza mzazi, wala si kwa kukisia kutokana na jina.

4. Andikeni jina kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Msisahihishe Ciza kuwa Chiza kwa kufuata tahajia ya Kiswahili. Jina likitofautiana na lile la cheti cha elimu ya msingi, mtoto ndiye atakayesumbuka baadaye.

5. Katika somo la Kiswahili, mnapofundisha sauti ch, waacheni watoto wataje majina yenye sauti hiyo. Jina lililokuwa la kuchekwa litakuwa mfano wa kujifunzia.

Hitimisho

Mtoto anayeitwa sawasawa huitika kwa sauti. Na anayeitika kwa sauti hathubutu kunyosha mkono tu, bali huthubutu pia kujibu na kuuliza. Ufundishaji huanzia hapo, kabla chaki haijagusa ubao.

Zoezi

Kusanyeni majina matano ya jamii zenu wanayopewa wavulana na wasichana pia. Elezeni maana, matamshi na tahajia ya kila moja, kisha mjadiliane darasani.