Alama ndani ya muti: kuchagua mbegu bila kungojea ugonjwa

Somo la leo linatoka mbali, Marekani, lakini linagusa shamba la kila mumoja wetu.

Kule kulikuwa muti mukubwa wa pori, shatenye. Ulizaa njugu za kuchoma, na mbao zake zilipendwa sana. Mwaka 1904, katika muji wa New York, watu waliona shatenye zinakauka. Ilikuwa kuvu iliyotoka Asia. Inaingia kwenye kidonda cha ganda, inazunguka muti mpaka inaukausha. Kwa miaka kama 50, miti karibu miliare 4 ilikufa.

Shatenye ya China inavumilia ile kuvu, lakini haikomei murefu sawa ya Marekani. Basi watafiti waliziunganisha. Shida ni hii: watoto wa muti hawafanane. Kujua nani alirizi nguvu, ni kungojea miaka, kisha kuwatia kuvu kwa makusudi.

Alama ni nini?

Ukitafuta nyumba usiyoijua, unauliza: iko karibu na nini? Karibu na kanisa, karibu na soko. Alama inafanya kazi ileile. Ni kipande kidogo cha urizi, yaani ADN, kinachotofautiana kati ya baba na mama. Kama watoto wazima karibu wote wanabeba alama fulani ya China, na wagonjwa hawana, basi jeni ya uvumilivu iko jirani. Ukipanga alama nyingi unapata ramani. Ramani iliyotangazwa mwaka 1997 ilionyesha sehemu tatu zinazohusu uvumilivu wa shatenye. Alama zingine zinatumika hata kwa mwaloni, kwa sababu ni jamaa moja.

Faida iko wazi: jani la muche mudogo linatosha kupima. Lakini alama si jeni yenyewe. Ikikaa mbali nayo, inadanganya. Tena ilionekana kisha kwamba uvumilivu wa shatenye unatoka kwa jeni nyingi, na alama chache hazitoshi.

Na kwetu?

Tunajua mozaiki ya mihogo. Jeni moja ya kuivumilia, CMD2, ilipatikana katika mihogo ya kienyeji ya Afrika ya Magharibi, ile wakulima wenyewe walikuwa wanachunga. Watafiti wa Colombia, ambako mozaiki haikuwako, waliweza kuchagua mihogo yenye nguvu kwa alama tu.

Laboratwari inasoma tu kile kilichobaki shambani. Kule Marekani, wenye pori walikata hata shatenye zenye uzima, ili wauze mbao mbele ya ugonjwa kufika. Labda yenye nguvu ilianguka pamoja na zingine.

Kwa hiyo, tufanye hivi:

1. Mbegu mupya ikifika, tusingoe mihogo yote ya zamani. Kila aina ibaki na mustari mumoja.
2. Tukiona shina moja zima katikati ya wagonjwa, tulifunge kamba.
3. Tupande vijiti vyake tena karibu na wagonjwa. Pengine liliponea bahati tu.
4. Likibaki zima misimu miwili, tuandike jina lake na mahali lilipotoka, kisha tumujulishe agronomu.

Ile kamba shambani ndiyo alama ya kwanza. Zingine zinaanzia hapo.