Binti, Shule na Fungu la Serikali



Mtu asafiriye kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda kusini hupita Somanga, kisha hufika Nangurukuru, na hapo njia ya kushoto humpeleka hadi Kilwa Masoko, mkabala na kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Leo kisiwani mna magofu, vijumba vya wavuvi na msikiti mkuu wa kale ambao wageni huenda kuutazama. Lakini mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika hapo aliukuta mji wenye nguvu, na mtawala wake, Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, watu walimwita Abul Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Ibn Battuta asimulia kwamba Sultani huyo alitenga sehemu moja ya tano ya mali iliyopatikana vitani, akaigawa kwa mafungu yaliyotajwa katika Kurani Tukufu. Tena asimulia kwamba fukara mmoja wa Yemen alimsimamisha Sultani alipokuwa akitoka kwenye Sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, naye akaenda akazivua na kumpa.

Nimeanza na habari hii kwa kuwa wako ndugu, hasa wale walioingia katika Islam karibuni, wanaoona kwamba msaada wa serikali kwa kaya maskini ni jambo geni lililoletwa na wazungu, na kwamba Mwislamu mwenye kujiheshimu hana haja nalo. Sivyo. Pwani hii hii ililijua fungu la serikali miaka karibu 700 iliyopita, na Islam ililijua kabla ya hapo.

Kwa upande wa pili, mwenye kuuchunguza Uislamu hutuuliza hivi: Je, si dini yenu ndiyo iliyowazuia mabinti wa Pwani wasisome? Swali hili si la kukasirikia. Ni kweli kwamba wazee wetu wengi walizikimbia shule wakati wa Wajerumani na wa Waingereza. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alichelea kwamba mwana angeingia na jina la Fatuma akatoka na jina jingine. Hofu hiyo ilikuwa na sababu katika zama zile. Lakini tangu mwaka 1970, kwa Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ya Tanzania ilizichukua shule zilizokuwa zikipata ruzuku, ikakataza mtoto kubaguliwa kwa dini yake. Sababu ya hofu ikaondoka. Hofu yenyewe ikabaki, ikavishwa kanzu na kuitwa dini.

Dini yenyewe yasemaje? Katika Sura At-Takwir, aya ya 9 na ya 10, Mwenyezi Mungu ataja siku ambayo binti aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Katika Sura An-Nahl, aya ya 59 na ya 60, alaumiwa baba ambaye uso wake husawijika aambiwapo amepata mtoto wa kike. Mtume Mtukufu s.a.w. alimwahidi ukaribu naye Siku ya Kiyama yule mwenye kuwalea mabinti wawili hadi wakakomaa. Na tena fikiri jambo hili: bibi mmoja wa Makka, Shifaa binti Abdullah r.a., alimfundisha kuandika Hafsa r.a., mke wa Mtume, na Mtume s.a.w. alilijua jambo hilo na kulikubali. Miaka ikapita, na nakala ya Kurani iliyokusanywa wakati wa Abubakar r.a. ikaja kuwekwa mikononi mwa Hafsa huyo huyo. Asemaye kwamba binti akijua kuandika ataharibika, na atueleze habari hii.

Sasa tuitazame mipango yenyewe, maana wengi huisema bila kuijua.

Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimu mzazi kumpeleka. Ada za shule za msingi, ambazo zilikuwa zimerudi baadaye, zilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwezi Januari 2016 ilianza elimu bila malipo hadi kidato cha nne: ada ya sekondari ya kutwa, Sh. 20,000 kwa mwaka, na ya bweni, Sh. 70,000, zikaondolewa, na serikali ikawa inaipelekea shule ruzuku iliyopangwa kuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh. 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaingizwa humo.

Kadhalika uko Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Tangu 2012 Mfuko huo una mpango wa kunusuru kaya maskini. Kaya hizo hutajwa kwanza na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha hali zao huchunguzwa, na ruzuku hupangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Wapokeaji walio wengi ni wanawake. Sehemu ya fedha hiyo ina sharti: mtoto wa umri wa shule ahudhurie si chini ya siku 80 katika kila 100 za masomo, na mtoto mdogo apelekwe kliniki. Sharti lisipotimizwa, fedha hupunguzwa.

Wako wanaoliona sharti hili kuwa dharau kwa maskini. Mimi siioni dharau, lakini nakiri kwamba kila sharti lina hatari yake, na hatari hiyo aliijua mtu mkubwa kabla yetu. Imepokewa kwamba Hadhrat Umar r.a., alipokuwa Khalifa, aliweka posho ya watoto kutoka Hazina ya Waislamu, kwa sharti kwamba mtoto awe ameachishwa ziwa. Usiku mmoja alikuwa akilinda msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madina, pamoja na Abdurrahman bin Auf r.a. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Mungu na amtunze mwanawe. Mtoto akalia tena, na tena. Mwishowe mama, asijue anasema na nani, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha achishwa. Alfajiri Umar alisalisha akilia hata watu wasiweze kuyasikia vizuri aliyokuwa akisoma. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watoto wasiharakishwe kuachishwa, maana tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye katika Islam ana fungu lake.

Ona, msomaji, pande mbili za habari hii. Mtawala alikosea katika kuweka sharti, akasahihisha bila kuona haya. Lakini na mama naye alikuwa akimnyima mtoto haki yake ili aipate fedha iliyowekwa kwa ajili ya mtoto huyo huyo.

Katika mwambao wa Lindi lipo jambo linalofanana mno na hilo. Binti wa kaya iliyoandikishwa huenda shule ya msingi, siku zake huhesabiwa, ruzuku hupokelewa. Afikapo darasa la saba, baba huanza kuhesabu mengine. Sekondari ya kata iko mbali. Itabidi binti apange chumba pamoja na wenziwe, wajipikie, wakae bila mtu mzima. Daftari, sare na chakula vyataka fedha ijapokuwa ada imefutwa. Na pengine yuko mchumba, ufuta umeuzwa vizuri mwaka huo, na mahari inatajwa. Basi binti huambiwa kwa siri: siku ya mtihani jaza majibu yasiyo sahihi. Jambo hili limelalamikiwa mara nyingi na walimu na viongozi, Kusini na katika mikoa mingine pia. Mtoto huingia chumba cha mtihani akiyajua majibu, akayaacha, akaandika asiyoyaamini, kwa amri ya mzazi wake.

Hebu tulipime kwa dini tu, tuiache sheria kando kwa muda. Mzazi huyo amemfundisha mwanawe kusema uongo kwa kalamu. Amemfanya awe shahidi wa uongo dhidi ya nafsi yake mwenyewe, na hali Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 136, yaamuru kusimama kwa ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Tena baba huyo huyo Ijumaa atakaa safu ya mbele. Simhukumu, maana umaskini ni mtihani mzito na chumba cha kupanga ni hatari ya kweli. Mabinti wengi wameharibikiwa humo. Lakini dawa ya hatari hiyo ni mabweni na chakula shuleni, na kwa hayo tuwabane wakubwa bila kuchoka. Mwaka 2020 serikali ilianza mpango wa kuboresha elimu ya sekondari kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, na ndani yake imo shule ya bweni ya wasichana, ya masomo ya sayansi, katika kila mkoa wa Tanzania Bara, mikoa 26, Lindi ukiwamo. Shule moja kwa mkoa mzima ni jambo jema. Haitoshi.

Hapa wengine husema: binti akishavunja ungo, Islam imemruhusu kuolewa, na serikali haina neno. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa mwenye kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari astahili kifungo cha miaka 30.

Je, mahakama imeipiga vita Islam? Soma Sura An-Nisaa, aya ya 7. Inawaamuru walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa ndoa, na wakiona kwao akili timamu, ndipo wawakabidhi mali yao. Angalia mpango wa maneno: umri wa ndoa umetajwa pamoja na kujaribiwa na kupatikana kwa busara. Ikiwa shilingi chache za yatima hazikabidhiwi mpaka ijulikane kwamba ana akili ya kuzitunza, itawezekanaje mtoto wa miaka 14 akabidhiwe nyumba, mume, ujauzito na uchungu wa kuzaa? Waganga watueleza kwamba msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa yumo katika hatari kubwa ya kupata fistula akizaa bila msaada, akatokwa na mkojo bila kujizuia, na mara nyingi yule mume aliyeharakishiwa ndiye wa kwanza kumkimbia. Tena Mtume s.a.w. alipoletewa malalamiko ya Khansaa binti Khidam r.a., aliyeozwa na baba yake bila kupenda, aliitangua ndoa ile. Ridhaa ni ya mwenye akili ya kuridhia. Mtoto aliyeambiwa usiku kwamba kesho ni harusi yake hajaridhia kitu.

Neno juu ya unyago. Wamachinga, Wamatumbi, Wamwera, Wamakonde na wengineo wana mila hii, nami sioni ubaya binti kufundishwa usafi, heshima na siri za mwili wake na wanawake wazima; elimu hiyo hata fiqhi yaitaka. Ubaya ni pale mtoto wa miaka kumi aambiwapo kwamba sasa ni mtu mzima, au awekwapo ndani wenzake wakisoma. Likizo za Juni na Desemba zipo. Wazee wa kijiji wakikubaliana na makungwi juu ya tarehe na umri, hapatakuwa na ugomvi baina ya kungwi na mwalimu.

Na ikiwa mimba imekwisha tokea? Desturi yetu ni kumalizana kifamilia: wazee huketi, fedha hupita, na mwanamume huenda zake baharini. Mwenye kuketi katika kikao hicho ameficha ushahidi, na aya ile ya 136 yamhusu. Tangu mwezi Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa kujifungua arudi katika shule ya serikali. Nafasi hiyo hushikwa kwa miaka miwili. Wengine wamesema kwamba huko ni kuhalalisha zinaa. Jawabu ni kwamba kosa lina hukumu yake, na elimu ni haki iliyokuwapo kabla ya kosa. Tena mara nyingi aliyekosa ni mwanamume mzima, na mtoto ndiye aliyekosewa.

Basi wewe uliye Kivinje, Mchinga au popote pale, ikiwa kaya ya jirani yako yastahili na haimo katika orodha, litaje jina lake mkutano utakapoitishwa; mjane hasemi mbele ya watu, mara nyingi huona haya. Januari vidato vya kwanza vifunguliwapo, mwulize mwalimu mkuu ni mabinti wangapi waliochaguliwa hawajaripoti, kisha uende nyumba kwa nyumba pamoja na mtendaji wa kijiji. Katika vituo vya polisi yako madawati ya jinsia na watoto, na namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haitozwi kitu. Iandike ndani ya jalada la daftari la binti yako, kwa mwandiko wake mwenyewe.