MKONO ULIOZOEA JEMBE UKISHIKA PLAU

Bwana mkulima na Bibi mkulima, somo letu la mwezi huu si la mbegu wala mbolea, bali ni la mikono. Kila mwaka, mvua za Novemba zinapokaribia, watu huja ofisini kuuliza bei ya plau, au habari za zile trekta ndogo za magurudumu mawili ambazo mtu huziongoza akitembea nyuma. Wachache mno huuliza ni nani atakayeishika, naye atajifunza lini. Hapa kwetu Mtito Andei, na huko Masongaleni, mvua haingoji mwanafunzi. Mtu akitumia juma la kwanza la mvua kujifunza, amekwisha kupoteza unyevu ambao ndengu zake zingalitumia.

Mimi mwenyewe nilidhani najua. Nilikuwa nimelima kwa jembe tangu utotoni, nikasomea ualimu, kisha nikawa karani wa ofisi ya kilimo. Siku ya kwanza niliposhika plau nyumbani, niliona ncha yake inaparuza juu juu tu. Nikafanya afanyavyo mtu wa jembe: nikakandamiza kwa nguvu. Plau ikatoka nje kabisa, maksai wakaenda mbio kwa sababu mzigo umekuwa mwepesi, nami nikafuata nyuma nikikokotwa kama tela. Mtoto aliyewaongoza alicheka mpaka akaachia kamba.

Jembe ukitaka liingie ndani, hulitia nguvu kwenda chini. Plau ni kinyume. Ukikandamiza mishikio, ncha huinuka; ukiinua mishikio kidogo, ncha huinama ikaingia udongoni. Mkono wangu ulikuwa umejifunza sana, tena kwa miaka mingi, ila ulijifunza chombo kingine. Mtu apewapo kazi mpya, mkono hupeleka huko ujuzi wake wote wa zamani, ule unaofaa na ule usiofaa, wala haumwulizi mwenyewe.

Unaofaa ni mwingi. Mtu wa jembe hutambua kwa kiganja kwamba amegonga jiwe au mzizi. Hujua udongo wenye unyevu wa kutosha. Hujua kufuata mstari wa tuta la fanya juu bila kulibomoa. Hayo hayahitaji kufundishwa upya. Lililo kinyume ndilo la kufundishwa, nalo lifundishwe kwanza, ng'ombe wakiwa bado hawajafungwa. Mwambie mwanafunzi ashike plau iliyosimama, ainue mishikio, kisha akandamize, huku akitazama ncha inakwenda wapi. Dakika 10 zatosha. Tena mwonyeshe kwamba kina cha kulima hakitafutwi kwa mabega siku nzima. Hutengenezwa mbele ya plau: mnyororo ukipandishwa tundu la juu, plau huingia zaidi, ukishushwa, huingia kidogo. Mtu anayepigana na plau tangu alfajiri, mara nyingi mnyororo wake umefungwa mahali pasipofaa.

Baada ya hapo ni mazoezi, na hapa walimu wengi hukosea. Twapenda mwanafunzi arudie jambo lile lile mahali pamoja penye udongo laini. Mwaka 1978 wachunguzi wawili, Kerr na Booth, walieleza jaribio la watoto waliotupa vifuko vidogo kulenga shabaha. Miongoni mwa watoto wa miaka 8, wengine walifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu, na wengine kwa futi 2 na futi 4, bila kujaribu futi 3 hata mara moja. Walipopimwa wote kwa futi 3, wale wa umbali namna mbili walilenga vizuri zaidi. Basi mwanao alime kidogo penye mchanga, kidogo kwenye udongo mwekundu, kidogo kando ya tuta. Siku hiyo atakosea zaidi. Usimkaripie.

Wala usimchoshe. Mwaka huo huo wa 1978 zilitolewa habari za watu wa posta wa Uingereza waliofundishwa kupiga taipu. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji saa chache zaidi kwa jumla kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. La kuchekesha ni kwamba hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote! Kwetu, saa moja asubuhi kabla ya jua kali, kuanzia mwezi wa Septemba, yatosha. Najua wakati huo ardhi ni ngumu na ng'ombe wamekonda. Basi tumieni vipande vilivyolimwa msimu uliopita, na ng'ombe wapumzike mara kwa mara.

Sasa nieleze jambo la hatari. Trekta nyingi za magurudumu mawili zina klachi ya kugeuzia chini ya kila mshikio. Mahali tambarare, ukibana ya kushoto, trekta hugeuka kushoto. Lakini kwenye mteremko mkali, injini inapozuia mwendo, ukibana ya kushoto gurudumu la kushoto huachiliwa na kukimbia mbele, na trekta hugeuka kulia. Penye mitaro ya matuta, mwongozaji aliyezoea tambarare aweza kuipeleka mtaroni huku akiamini anaiepusha, na akiogopa atazidi kubana. Ni kama mwenye baiskeli anayepanda pikipiki: akitaka kusimama ghafula, mkono wa kushoto hubana ukitafuta breki, kumbe pale pana klachi.

Kwa hiyo, ukiteremka tumia gia ndogo, punguza moto, usiguse klachi za kugeuzia, na geuza kwa kusukuma mishikio. Zoezi hilo lifanywe kwanza kwenye mteremko mdogo, trekta haina plau wala tela, na mtu mzima anayeifahamu akiwa karibu. Aliyekwisha kuendesha majuma mawili mahali tambarare ndiye wa kuangaliwa zaidi kuliko mgeni, maana mkono wake umekwisha kuzoea.